Kampuni ya Bima Ina Daraja A: Je, Italipa?

Desemba 2023, Mamlaka ya Kudhibiti Bima nchini Kenya, IRA, iliiweka kampuni ya Xplico chini ya usimamizi wa kisheria. Agosti mwaka uliofuata ikawa zamu ya Invesco. Kwa asiyemiliki chombo chochote, habari hizo zilipita kama habari nyingine za biashara. Kwa mwenye matatu zilikuwa habari za nyumbani, maana majina hayo aliyaona kila siku kwenye stika ya kioo cha mbele. Zote mbili zilikuwa miongoni mwa kampuni chache zinazokubali kukatia bima magari ya abiria, kazi ambayo kampuni nyingi kubwa huikwepa kwa sababu ajali ni nyingi na kesi haziishi mahakamani.

Katika Ziwa la Ng'ombe, kata ya jimbo la Nyali iliyo jirani na Bombolulu na soko la Kongowea, riziki ya watu wengi imepanda magurudumu. Yuko mwenye tuktuk moja aliyoinunua kwa mkopo wa chama, yuko mwenye bodaboda mbili alizowakabidhi vijana, na yuko mstaafu aliyetia kiinua mgongo chake chote kwenye matatu. Hao wote sheria inawalazimisha kukata bima. Hawana hiari ya kukata au kutokata. Hiari yao ni moja tu, nayo ni ya kuchagua kampuni.

Hapo ndipo wakala anapoingia na sifa. Kampuni yetu ina daraja A. Kampuni yetu imeshinda tuzo mwaka jana. Kampuni yetu imepimwa na shirika huru la kimataifa. Maneno haya yana uzito, na mwenye tuktuk ana haki ya kuuliza ayaamini kwa kiasi gani.

Jibu la mazungumzo haya ni kwamba ayaamini, lakini ajue yanajibu swali gani. Daraja la shirika huru hujibu swali moja tu: siku watu wengi watakapodai kwa pamoja, kampuni hii itakuwa na fedha za kuwalipa? Swali hilo ni kubwa na halidharauliki. Ila mwenye tuktuk ana swali la pili, ambalo daraja haliligusi: fedha zikiwapo, kampuni hii ina tabia ya kulipa, au ina tabia ya kuzungusha?

Kazi ya kupima kampuni za bima ni ya siku nyingi. AM Best ya Marekani, iliyo maarufu kuliko zote katika bima, ilianzishwa na Alfred M. Best mwaka 1899. Madaraja yake huanza A++ na kuteremka hadi D na chini yake. Kwa upande wa Afrika, jina linalosikika sana ni GCR, shirika lililozaliwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990 na ambalo siku hizi liko mikononi mwa Moody's. Wapimaji hawa huangalia mtaji wa kampuni, akiba iliyotengwa kwa ajili ya madai, mahali fedha zilipowekezwa, ubora wa uongozi, na bima mtawanyo, yaani ile bima ambayo kampuni ya bima yenyewe huikata kwa kampuni kubwa zaidi ili mzigo wa hasara usiiangukie peke yake. Ni kazi ya kitaalamu, inayofanywa na watu wanaojua kusoma vitabu vya hesabu. Mwenye bodaboda hawezi kuifanya mwenyewe, na asione haya kuwategemea wanaoiweza.

Lakini nani anamlipa mpimaji? Mara nyingi ni kampuni inayopimwa. Hilo halimaanishi kwamba daraja limenunuliwa. Shirika la kupima likijulikana kuwa linauza herufi, biashara yake imekufa. Hata hivyo kampuni isiyoridhika na daraja lake huweza kuacha kulitangaza, au kujitoa kabisa katika upimaji, na mnunuzi asiambiwe lolote. Kwa hiyo mabango ya barabarani huonyesha madaraja mazuri tu. Mabaya yamebaki kabatini.

Marekani walijifunza hili kwa gharama. Kampuni ya bima ya maisha ya Executive Life, iliyokuwa California, ilijaza fedha za wateja wake katika hati za madeni zenye hatari kubwa, zile zilizovumishwa na Michael Milken katika miaka ya 1980. Mwaka 1990 ulipokaribia bado ilikuwa na A+ ya AM Best, daraja la juu kabisa la wakati huo. Aprili 1991 serikali ya jimbo ikaitwaa kampuni hiyo. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani iliwapima wapimaji wenyewe, na mwaka 1994 ikatoa ripoti yake. Ilionyesha kuwa mpimaji Martin Weiss, ambaye hakulipwa na kampuni za bima bali aliuza taarifa zake kwa wasomaji, alitangulia kuonya juu ya kampuni zilizodhoofika mara nyingi zaidi kuliko AM Best. Kampuni za bima zilikuwa zikimlalamikia Weiss kwamba ni mkali kupita kiasi. Huenda alikuwa mkali kweli, lakini mteja anayetaka kujua hatari anahitaji mtu wa namna hiyo.

Kisa cha AIG kinafundisha jambo lingine. Kampuni hiyo ilikuwa na daraja la AAA, la juu kabisa, hadi mwaka 2005. Tarehe 15 Septemba 2008 mashirika makubwa matatu yaliishusha kwa pamoja, na hata baada ya kushushwa ilibaki kwenye kundi la A. Kesho yake Benki Kuu ya Marekani ikalazimika kuikopesha dola bilioni 85 isianguke. Herufi hizo zilichelewa, na zilipobadilika zilibadilika kwa kishindo, maana kule kushushwa kwenyewe kuliwapa wadai haki ya kudai dhamana zaidi. Lakini kampuni tanzu za bima za AIG ziliendelea kulipa madai ya wateja wao. Moto uliwaka hasa katika kitengo cha biashara ya fedha kilichokuwa na ofisi London, na sheria za majimbo ya Marekani zilikuwa zimeufungia mtaji wa kampuni tanzu usichotwe ovyo. Kwa hiyo mtu anapoonyeshwa daraja la kampuni mama iliyoko ng'ambo aulize: hili ni daraja la mama, au la hii kampuni ya Kenya itakayotia saini mkataba wangu? Mama anaweza kuwa tajiri na mtoto akawa hohehahe. Kinyume chake pia hutokea.

Kuna pia mkanganyiko wa mizani. Mashirika ya kupima hutumia mizani mbili, ya kitaifa na ya kimataifa. Kwenye mizani ya kitaifa ya GCR, herufi hufuatwa na alama ya nchi katika mabano, KE kwa Kenya. Kampuni yenye AA ya Kenya imelinganishwa na wenzake wa Kenya tu. Ukiipeleka kwenye mizani ya kimataifa itateremka sana, hata kama haijafanya kosa lolote. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya fedha za kampuni za bima za Kenya imewekezwa katika hati za serikali, na serikali yenyewe ina daraja lake. Julai 2024, baada ya maandamano na kuondolewa kwa mswada wa fedha, Moody's iliishusha Kenya hadi Caa1. Kampuni iliyoikopesha serikali haiwezi kuwa salama kuliko mdaiwa wake mkuu. Ndiyo maana mtu aliyeona B ya kimataifa ya kampuni moja na AA ya kitaifa ya nyingine, akaamua ya pili ni bora, amelinganisha vitu visivyolingana.

Turudi bara ya Mombasa. Tatizo kubwa zaidi la daraja, kwa mtu wa Ziwa la Ng'ombe, ni kwamba mara nyingi halipo. Kampuni nyingi za bima za Kenya hazimo kabisa katika orodha ya AM Best. Baadhi ya kampuni kubwa zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa la Nairobi, na zile za bima mtawanyo kama ZEP-RE yenye makao Nairobi, hupimwa kwa sababu wateja wao ni mashirika makubwa yanayodai kuona daraja kabla ya kusaini. Mwenye matatu hadai. Anataka cheti cha mwezi, cha bei nafuu, leo kabla ya saa kumi na mbili, gari lisikose kazi kesho. Na kampuni inayomuuzia cheti hicho haina la kuisukuma ilipie upimaji.

Historia ya soko hilo ni nzito. United iliingia chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2005. Standard ikafuata mwaka 2009, Blue Shield mwaka 2011, Concord mwaka 2013, na Resolution, iliyojulikana kwa bima ya matibabu, mwaka 2022. Invesco yenyewe ilikwisha kuwekwa chini ya usimamizi huo mwaka 2008, ikafufuliwa, kisha ikarudi pale pale 2024. Wala asidhani mtu kwamba mkono wa serikali ulikuwa kinga: Kenya National Assurance ilikuwa mali ya umma, na ilianguka mwaka 1996.

Kampuni ikianguka, nini humpata mwenye chombo? Tuseme tuktuk imemgonga mtembea kwa miguu barabara ya Malindi, pale Bombolulu. Majeruhi anakwenda mahakamani na kumshtaki mwenye tuktuk na dereva wake. Hukumu inatoka dhidi yao, na kwa mujibu wa sheria ya bima ya watu wa tatu, ile ambayo madereva huiita thadi pati, kampuni ya bima ndiyo inayopaswa kuilipa. Sheria hiyo imeweka kikomo cha shilingi milioni 3. Sasa kampuni imefilisika. Upo mfuko wa kuwafidia wenye bima, PCF, ulioundwa kwa ajili ya msiba huu, lakini kikomo chake ni shilingi 250,000. Kati ya 250,000 na milioni 3 kuna pengo ambalo halina mwenyewe isipokuwa yule ambaye jina lake liko kwenye hukumu. Majeruhi hakukosa, ana haki ya kulipwa. Basi dalali wa mahakama anaifuata tuktuk, na tuktuk isipotosha, anafuata vilivyomo nyumbani.

Mfuko huo wa PCF, msikilizaji, unauchangia wewe. Tazama risiti yako ya bima. Chini ya ada kuna tozo ndogo ya asilimia 0.25, karibu na ile ya mafunzo na shilingi 40 za stempu. Ni pesa ndogo, na ulinzi wake ni mdogo vilevile. Asitegemee mtu kwamba kampuni yoyote ni sawa kwa kuwa serikali itafidia.

Kama daraja halipo au halitoshi, mtu aangalie wapi? Kuna kitu ambacho IRA hukitoa na ambacho watu wachache mno hukisoma. Kila robo ya mwaka mamlaka hiyo huchapisha takwimu za ulipaji wa madai, kampuni moja moja, kwa jina. Inaonyesha madai yaliyolipwa yalikuwa sehemu gani ya yote yaliyokuwa mezani, yaliyokataliwa ni mangapi, na yaliyofungwa bila malipo ni mangapi. Hulipi chochote kuiona. Hii ndiyo hesabu inayolikaribia lile swali la pili la mwenye tuktuk, swali la tabia.

Nayo inataka jicho. Madai yamegawanywa mafungu. Fungu moja ni la dhima, yaani majeruhi na watu wengine wanaomdai mwenye bima. Jingine ni la mali na mambo yake mwenyewe, kama gari lake lililogongwa au bili yake ya hospitali. Uwiano wa malipo katika fungu la dhima huwa chini sana kwa kampuni karibu zote, kwa sababu kesi hukaa mahakamani miaka. Anayelinganisha dhima ya kampuni moja na matibabu ya nyingine ataidhulumu ya kwanza. Kampuni yenye madai machache huweza kupanda na kushuka vibaya kwa robo moja tu. Na takwimu hizo zinatokana na yale kampuni zenyewe zinayowasilisha kwa mamlaka. Kwa sababu hizo robo moja haitoshi. Zitazamwe robo nne au tano zikifuatana, katika fungu lile lile la bima unayonunua. Kampuni inayokaa mkiani mwaka mzima imekwisha kujieleza.

Sheria inasema dai lilipwe ndani ya siku 90. Pale kwenye steji watu wanajua ni kampuni gani huzitimiza na ipi huanza kuomba karatasi mpya kila wiki. Maneno ya mtaani yasidharauliwe. Dereva aliyelipwa, na dereva aliyezungushwa, wote wawili wana ushahidi ambao hakuna shirika la kupima lililowahi kuuchukua. Upungufu wake ni kwamba steji inajua ya jana. Kampuni iliyokuwa ikilipa vizuri miaka mitatu huweza kuwa inalipa kwa kutumia ada za wateja wapya huku akiba imekauka, na hilo steji haitaliona mpaka siku ya mwisho. Mtaji unaonekana kwenye hesabu na kwenye daraja, tabia inaonekana kwenye takwimu za madai na kwenye midomo ya watu. Mnunuzi anavihitaji vyote.

Tuzo ni habari nyingine, na hazistahili muda mrefu. Tuzo nyingi za biashara huanza kwa kampuni kujiandikisha yenyewe, na ukumbi wa sherehe hulipiwa na wadhamini ambao aghalabu ni kampuni hizo hizo. Kombe kwenye kaunta linaonyesha kuwa kampuni ina idara ya matangazo inayofanya kazi. Nyota za kwenye simu nazo hutolewa zaidi na mtu aliyenunua bima juzi, ambaye bado hajadai chochote.

Kwa Waislamu wa Pwani kuna muhuri mwingine unaoheshimiwa, nao ni wa bodi ya masheikh. Takaful Insurance of Africa ilianza kazi Kenya mwaka 2011 ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini, na wengi waliokuwa wakiikwepa bima kwa sababu ya riba na gharari, yaani utata katika mkataba, walipata mlango wa kuingilia. Muhuri wa bodi ya sharia unathibitisha kwamba mkataba ni halali na kwamba fedha hazikuwekwa palipokatazwa. Ni jambo la dini, nalo ni zito. Ila bodi haikuulizwa kama mfuko una fedha za kutosha, na haikujibu hilo. Kampuni ya takaful inasimamiwa na IRA kama nyingine, na mteja wake afungue takwimu zile zile za madai kama wenzake.

Kwa hiyo wakala atakapofika Ziwa la Ng'ombe na karatasi yenye herufi A, asifukuzwe. Aulizwe daraja limetolewa na nani, tarehe gani, kwa mizani ipi, na kwa kampuni ipi hasa. Daraja la miaka mitatu iliyopita halina thamani. Kampuni iliyokuwa na daraja kisha ikanyamaza iulizwe kwa nini ilinyamaza. Jina la kampuni litafutwe katika orodha ya wenye leseni ambayo IRA huitoa kila mwaka. Kisha wakala aulizwe kampuni yake ilisimama wapi kwenye takwimu za madai za robo iliyopita. Wakala mwema atakuwa nalo jibu, au atakwenda kulitafuta. Anayekasirika kwa kuulizwa, bei yake nafuu isimvute mtu.

Na bei hiyo iangaliwe kwa makini. Kampuni inayouza thadi pati kwa bei ya chini mno kuliko wenzake wote, katika biashara ambayo inajulikana kuwa na hasara, lazima iwe inaokoa fedha mahali fulani. Mara nyingi mahali hapo ni kwenye kulipa.

Lipo moja linalobaki kwa wakubwa. Takwimu za madai za IRA ziko mtandaoni, kwa Kiingereza, katika majedwali ya wataalamu. Mwenye bodaboda wa Ziwa la Ng'ombe hatazifungua. Mamlaka izitoe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja kila robo mwaka, zibandikwe kwenye ofisi za vyama vya matatu na tuktuk, zisomwe redioni kampuni moja baada ya nyingine. Na kwa kampuni zinazokatia bima magari ya abiria nchi nzima, upimaji wa shirika huru uwe sharti la leseni, daraja lichapishwe likiwa zuri au baya, na liandikwe kwenye cheti kile kile kinachobandikwa kioo cha mbele.